Miraba Katika Video za Zamani: Inakotoka na Namna ya Kuiondoa

Mkanda wa VHS ukichakaa, picha yake huonyesha chenga, michirizi myeupe, rangi zinazovuja nje ya nguo, au sehemu ndogo inayotetemeka chini kabisa ya kioo. Miraba hauonyeshi. Mfumo huo, ambao kampuni ya JVC iliutoa Japani mwaka 1976, huhifadhi picha kwa mawimbi ya sumaku yanayopanda na kushuka bila kukatika, na ndani ya mawimbi hayo hamna pikseli hata moja. Kwa hiyo video ya harusi ya mwaka 1992 ikifunguliwa katika programu ya kuhariri na nyuso za watu zikaonekana zimegawanyika miraba miraba, mkanda hauna kosa. Miraba hiyo imeingia baadaye: picha ilipokuwa ikihamishwa kutoka kwenye deki, faili lilipobanwa, ndani ya programu yenyewe, au kazi ilipokuwa ikitolewa baada ya kuhaririwa. Wengi huanza kuhangaika na vitufe vya rangi na ukali wa picha kabla ya kujua kosa limeingilia wapi, na mwishowe faili linatoka likiwa baya kuliko lilivyoingia.

Uchunguzi huanzia nje ya programu ya kuhariri. Faili lile lile hufunguliwa kwa kichezeshi cha kawaida, VLC kwa mfano, likasogezwa hadi sekunde ile ile yenye tatizo, na dirisha likawekwa kwenye ukubwa halisi wa video badala ya kujaza kioo chote. Picha ikiwa safi hapo na mbovu kwenye programu ya kuhariri, faili ni zima na tatizo liko kwenye onyesho. DaVinci Resolve, Premiere Pro, Kdenlive na Shotcut zote zinaweza kupunguza ubora wa onyesho ili kompyuta isizidiwe. Onyesho likiwekwa nusu au robo, pikseli nyingi hurukwa, na video ya zamani ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu pikseli zake zilikuwa chache tangu mwanzo. Hakuna haja ya kuibania: kompyuta inayomudu video za simu za leo inaichezesha video ya VHS kwa ubora kamili bila kuhema. Jambo jingine la kuangalia hapo ni proksi, yaani nakala nyepesi ambazo programu hutengeneza kwa ajili ya kufanyia kazi. Zikisahaulika zimewashwa, huweza kutumika hata wakati wa kutoa kazi ya mwisho, na nakala hafifu ikaingia mahali pa faili lenyewe.

Miraba ikionekana kote kuwili, basi imo ndani ya faili, na ukubwa wake unasema mengi. Fremu moja yenye mwendo husimamishwa, mathalani pale bibi harusi anapogeuza kichwa na shela likafuata, kisha huvutwa karibu hadi asilimia 400. Kila mraba ukiwa pikseli moja tu iliyokuzwa, na miraba ikaenea sawasawa picha nzima, tatizo ni la ukuzaji: picha ndogo imenyooshwa ijaze eneo kubwa. Miraba ikiwa na upana wa pikseli 8 au 16, ikajikusanya kwenye shela linalokwenda, kwenye vivuli vya ukumbi na nyuma ya wachezaji ngoma, huku ukuta mweupe uliotulia ukiwa safi, hiyo ni alama ya kubana kulikopita kiasi. Na mafungu makubwa ya miraba yenye rangi za ajabu, yanayotokea ghafla na kupotea, au yanayoburuzika nyuma ya mtu kwa nusu sekunde kisha yakanyooka, hutokana na data iliyopotea wakati wa kusomwa.

Aina ya pili ndiyo inayosumbua nyumba nyingi. Takribani kodeki zote zinazotumika majumbani, yaani kanuni za kubana video, hukata fremu katika vipande vya miraba kabla ya kuibana. MPEG-2, ambayo ndiyo ya DVD, na DV, ambayo ni ya kamera za MiniDV zilizotoka mwaka 1995, hufanya hesabu yake katika vipande vya pikseli 8 kwa 8. Kila kipande huandikwa kama jumla ya mawimbi ya unene na wembamba tofauti, na yale membamba, ambayo ndiyo yanayobeba nyuzi za nywele na nakshi za kanga, hutupwa kwanza nafasi inapokuwa finyu. Video ikibanwa zaidi, kipande kizima hubaki na rangi moja au mbili, na mpaka wake na jirani yake ukaanza kuonekana. H.264, kodeki inayopatikana katika mafaili mengi ya MP4, ina kichujio cha ndani kinacholainisha mipaka hiyo. Ndiyo maana ikinyimwa nafasi huonyesha kwanza nyuso zilizolainika kupita kiasi, bila mikunjo wala vinyweleo, na miraba huja baadaye.

Nafasi hiyo hupimwa kwa kasi ya biti: idadi ya biti ambazo faili limetengewa kwa kila sekunde ya video. DV hutumia megabiti 25 kwa sekunde, na saa moja ya mkanda hula takriban GB 13. DVD ya kawaida ina GB 4.7; zikiwekwa saa mbili, kila sekunde hupata kama megabiti 5, kiasi ambacho kwa VHS bado kinavumilika. Lakini rekoda za DVD zilizokuwa zikiuzwa kwa matumizi ya nyumbani zilikuwa na chaguo la saa sita kwa diski moja, na wengi walilipenda kwa sababu mikanda miwili ya dakika 180 iliingia yote. Hapo kila sekunde inapata chini ya megabiti 2, na mara nyingi rekoda hizo zilipunguza hata ukubwa wa fremu ili zimudu. VCD, ambazo studio nyingi za harusi za Afrika Mashariki zilizitoa mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa na fremu ya pikseli 352 kwa 288 na kasi ya megabiti 1.15 tu. Siku hizi hali ni mbaya zaidi mahali ambapo mkanda wa saa mbili hurudishwa kwa mwenyewe kwenye flashi ukiwa faili la MB 300. Hesabu ni nyepesi: hiyo ni thuluthi moja ya megabiti kwa sekunde. Aliyepokea faili la namna hiyo amepewa mabaki ya video yake, na hakuna programu ya kuhariri itakayomrudishia kilichobaki kwenye mkanda.

Video za VHS zinahitaji nafasi kubwa kuliko udogo wa picha zake unavyoashiria, na sababu ni chenga. Kodeki huokoa nafasi kwa kuandika tu kile kilichobadilika kati ya fremu na fremu. Ukuta uliotulia katika video ya simu hauhitaji kuandikwa tena na tena. Katika VHS ukuta huo huo una chenga ndogo zinazobadilika kila fremu, na kodeki haijui kwamba hazina maana. Biti zinazotumika kuhifadhi chenga za ukutani zinakosekana kwenye uso wa mzungumzaji. Mkanda uliorekodiwa kwa mwendo wa polepole ili uchukue saa nyingi zaidi, au ulionakiliwa kutoka mkanda mwingine, una chenga nyingi zaidi na hivyo hupata miraba mapema zaidi.

Ili kujua faili lilivyobanwa, programu ya bure iitwayo MediaInfo hueleza kodeki, kasi ya biti, ukubwa wa fremu na idadi ya fremu kwa sekunde. Kwa video ya VHS iliyobanwa kwa H.264, megabiti 6 hadi 10 kwa sekunde ni kiasi cha haki. Ikisoma chini ya megabiti 2, na mkanda ukawa bado upo, muda wote uliobaki unapaswa kutumika kuuhamisha mkanda upya. Hiyo ndiyo tiba ya kweli, na nyingine zote ni za kupunguza maumivu.

Uhamishaji mpya hauhitaji studio. Unahitaji deki nzima, waya zake na kinasa video cha USB, lakini siri iko kwenye mpangilio wa programu ya kunasia. Vinasa vingi vya bei ndogo huja na programu ambayo, ikiachwa kama ilivyo, inabana papo hapo kwa kiwango cha chini. Vingine huahidi picha ya mistari 1080, hali mkanda wa VHS hubeba undani wa takriban mistari 240 tu kwa upana. Picha inanyooshwa kwanza ndipo inabanwa, na biti zilizokuwa hazitoshi zinatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Mpangilio unaofaa kwa mikanda ya PAL, mfumo uliotumika Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingi za Ghuba, ni fremu ya 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, na kodeki isiyopoteza kitu kama Huffyuv au FFV1. Video isiyobanwa kabisa katika ukubwa huo huzidi GB 70 kwa saa. Kodeki hizo hupunguza kiasi hicho kwa kawaida hadi karibu nusu, na kila pikseli hurudi kama ilivyonaswa. Ni mzigo mkubwa kwa diski, lakini ni wa muda. Kazi ya kuhariri ikikwisha, nakala ndogo za kugawa hutolewa kutoka hapo.

Deki nayo huandaliwa kabla. Hedi, yaani vichwa vinavyosoma mkanda, zikichafuka, chenga huongezeka. Kuzisafisha ni kazi ya alkoholi safi ya isopropili na kipande cha ngozi laini, ukiutuliza mkono na kulizungusha gurudumu la hedi polepole; kusugua juu na chini huweza kuzivunja. Mikanda iliyokaa Mombasa, Tanga au Unguja bila kuangaliwa mara nyingi huota ukungu kwa ajili ya unyevu wa pwani, na vumbi jeupe likionekana kupitia kidirisha cha kaseti, mkanda usiingizwe kwenye deki kabla ya kusafishwa na fundi. Ukungu huziba hedi ndani ya dakika chache, kisha huambukiza mkanda unaofuata.

MiniDV na Digital8 ni habari nyingine, kwa kuwa mikanda hiyo ni ya kidijitali na miraba inaweza kutoka kwenye mkanda wenyewe. Kamera ya DV ya PAL huandika kila fremu katika njia 12 za mshazari, hedi mbili zikipokezana. Hedi moja ikiziba, picha hugawanyika katika mistari mipana ya mlalo, mmoja ukienda na mwingine ukiwa umeganda kwenye fremu iliyopita. Kwa macho inatisha, lakini mara nyingi kaseti ya kusafishia hedi inamaliza tatizo, na data iliyoshindwa kusomwa jana inasomeka leo. Pale ambapo miraba inabaki sehemu moja tu ya mkanda, inafaa kuusoma mara mbili au tatu, ikiwezekana kwa kamera iliyorekodi, kwa sababu kila usomaji hukosa vipande tofauti na mhariri anaweza kuunganisha vilivyo safi. Mkanda wa DV uhamishwe kwa waya wa FireWire, ambao hunakili data jinsi ilivyo. Kuupitisha kwenye waya za njano, nyeupe na nyekundu ni kuigeuza data kuwa mawimbi na kuibana tena bila sababu.

Diski za DVD zilizochomwa nyumbani zina kasoro inayofanana na hiyo. Mkwaruzo au rangi iliyofifia huficha sehemu ya data, na kwa kuwa MPEG-2 huandika fremu kamili moja tu katika kila kundi la fremu 12 hadi 15, kosa lililoingia kwenye fremu hiyo hurithiwa na zinazofuata hadi fremu kamili nyingine ifike. Ndiyo ile miraba inayoburuzika nusu sekunde. Kujaribu kiendeshi kingine cha DVD kunaokoa diski nyingi. Baada ya kunakiliwa, mafaili ya DVD yasiingizwe moja moja katika programu ya kuhariri: video moja hukatwa vipande visivyozidi GB 1, na mipaka ya vipande hivyo haizingatii picha. Programu ya MakeMKV huyaunganisha kuwa faili moja bila kubana upya.

Faili likiwa zima, bado mradi wenyewe unaweza kuiharibu picha. Fremu ya 720 kwa 576 ina pikseli 414,720. Fremu ya 1920 kwa 1080 inazo 2,073,600, mara tano kamili, na ya 4K mara ishirini. Programu ikinyoosha video ya zamani ijaze mradi mkubwa, pikseli nne kati ya kila tano ni za kukisiwa, na ikikisia kwa kurudia pikseli iliyo jirani tu, miraba hujitokeza hata kama faili halina dosari. Katika mipangilio ya ukuzaji huchaguliwa njia ya bikubiki au Lanczos. Bora zaidi ni kuhariri katika mradi wenye vipimo vya video yenyewe, na kukuza mara moja tu mwishoni ikilazimu. Mikanda iliyotumwa na ndugu walioko Marekani ina vipimo vingine, 720 kwa 480 na fremu 29.97 kwa sekunde, na inastahili mradi wake peke yake. Isitoshe, pikseli za video hizi si mraba kamili: fremu ya 720 kwa 576 huonyeshwa kwa uwiano wa nne kwa tatu, na programu isipoambiwa hivyo watu hutoka wembamba au wanene.

Kuna kasoro moja ambayo watu huichanganya na miraba. Kamera za zamani hazikupiga fremu nzima kwa mpigo. Zile za PAL zilipiga nusu-fremu 50 kwa sekunde, moja ikibeba mistari ya shufwa na nyingine ya witiri. Kwenye televisheni za kioo kizito nusu hizo zilipishana bila kuonekana. Kompyuta huzionyesha kwa pamoja, na mkono unaopunga huota kingo za meno ya kitana. Kitana hicho kikikuzwa au kikipunguzwa kabla ya nusu-fremu kuunganishwa, meno huvunjika na kuwa vijisanduku ambavyo haviwezi kurekebishwa tena. Kwa hiyo kuunganisha nusu-fremu hutangulia ukuzaji, siku zote. Kichujio cha QTGMC ndicho kinachosifiwa zaidi kwa kazi hiyo, na yadif au bwdif, vilivyomo ndani ya programu ya FFmpeg, vinatosha kwa matumizi mengi. Inafaa kutoa fremu 50 kamili badala ya 25 ili mwendo ubaki laini kama ulivyokuwa. Programu ikikosea nusu ipi inatangulia, watu hutembea wakirudi nyuma kidogo kila hatua. DV huanza na mistari ya chini, na vinasa vingi vya VHS huanza na ya juu.

Kutoa kazi ndiko kunakobana mara ya mwisho, na uchoyo wa hapo hufuta kila kilichookolewa. Badala ya kupanga ukubwa wa faili, hupangwa ubora: katika programu ya HandBrake kipimo cha ubora kikishuka ndivyo picha inavyopanda, na kwa VHS 16 hadi 18 ni mahali pazuri. Chenga zikipunguzwa kidogo kwanza, faili hupungua bila miraba, lakini zikifutwa kabisa ngozi za watu hugeuka plastiki. Kwa YouTube, kuikuza video hadi mistari 1080 kabla ya kuipandisha kuna faida, kwa kuwa mtandao huo huruhusu fremu 50 kwa sekunde kuanzia mistari 720 na kuendelea. WhatsApp hubana upya kila video inayotumwa kama video. Ikitumwa kama hati, hadi GB 2, hufika bila kuguswa, na hivyo ndivyo inavyopaswa kutumwa kwa ndugu walioko mbali, hasa kama ni nakala wanayotaka kuitunza.

Inabaki hali ngumu: mkanda ulikwishatupwa na kilichopo ni faili bovu tu. Hapo kichujio cha kulainisha mipaka ya miraba husaidia kiasi, na kusaidia zaidi kikitumika kwenye faili la kwanza kabisa, kabla ya kukuzwa au kutumwa popote. Video ikiachwa ndogo, labda katikati ya kioo ikiwa na ukingo mweusi, miraba huonekana kidogo zaidi kuliko ikinyooshwa. Programu za akili mnemba zinazokuza video hutoa picha ya kuvutia, lakini hazirejeshi kilichopotea. Hubuni undani unaofanana na picha nyingine zilizojifunzia. Kwa mti au ukuta hilo halina madhara. Kwa uso wa bibi aliyefariki, macho na midomo inayotoka inaweza kuwa ya mtu ambaye hajawahi kuwapo, na wajukuu wakamkariri hivyo. Nakala ya namna hiyo ikitengenezwa, iandikwe wazi kwenye jina la faili kwamba imekuzwa kwa akili mnemba, na faili la awali litunzwe kando yake.

Aliye na mkanda hana muda mwingi wa kungoja. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuunda deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016, na vipuri vinavyopatikana sasa hutolewa kwenye deki nyingine zilizokufa. Kabla ya kuuingiza mkanda kwenye deki, kile kipande kidogo cha plastiki kwenye mgongo wa kaseti huvunjwa ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Baada ya kunaswa, mkanda huchezeshwa hadi mwisho, ukarudishwa nyuma bila kukatizwa, na kaseti ikasimamishwa wima ndani ya boksi lake, mahali pakavu, mbali na spika na vitu vyenye sumaku. Faili kubwa lisilopoteza kitu huwekwa kwenye diski mbili za nje zinazokaa nyumba mbili tofauti, na kaseti isitupwe hata baada ya hapo.